Kabla Hujanunua NAS, Tenga Pesa ya Nakala ya Pili

Ofisi nyingi ndogo, na nyumba nyingi pia, zimefika mahali ambapo mafaili yametawanyika hovyo. Mikataba iko kwenye laptopu ya mhasibu, picha za familia ziko kwenye simu mbovu iliyotupwa kwenye droo, video za wateja ziko kwenye diski ya nje ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiazima, na hesabu za mwaka juzi zilikuwa kwenye kompyuta ya mtu aliyeacha kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi ni daftari lenyewe linalopotea.

Hapo ndipo mtu husikia habari za NAS: kisanduku chenye diski ndani yake, kinachounganishwa na rauta, ili kila kompyuta na simu ya mle ndani iweke na kuchukua mafaili mahali pamoja. Ni kifaa kizuri na ninakipendekeza bila kusita. Tatizo ni jinsi kinavyonunuliwa. Watu huanza na modeli na ukubwa wa diski, pesa zikaishia hapo hapo, kisha hawabakizi hata shilingi ya nakala ya pili. Matokeo yake mafaili yaliyokuwa yametawanyika sehemu tano sasa yamo sehemu moja tu, na siku sehemu hiyo ikiharibika, yote yanakwenda pamoja.

Ushauri wangu umejengwa juu ya jambo moja: pesa ya nakala ya pili itengwe kwanza, ndipo mashine ichaguliwe kwa kinachobaki. Ikiwa bajeti haitoshi, punguza ukubwa wa mashine. Nakala usiiguse.

Nani anaihitaji

Kama uko peke yako, una laptopu moja, na mafaili yako yote hayafiki TB 1, huhitaji NAS. Nunua diski mbili za nje, nakili kila kitu kwenye zote mbili, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu unayemwamini. Nyaraka zilizo muhimu kabisa, kama vyeti, hati ya kiwanja na nakala za vitambulisho, ziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bila malipo. Kwa gharama ndogo hiyo utakuwa salama kuliko mwenye NAS ya bei kubwa asiye na nakala.

NAS huanza kulipa pale watu wawili au zaidi wanapofanyia kazi mafaili yale yale, pale data zinapokuwa nyingi kuliko uwezo wa intaneti yako kuzibeba, au pale unapotakiwa kutunza kumbukumbu kwa muda mrefu. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya, kwa mfano, zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Studio ya picha, ofisi ya mawakili, zahanati, shule, kampuni ya uhasibu, duka la jumla lenye matawi mawili: wote hawa wana sababu ya kweli.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiweke kila kitu mtandaoni, wasahau habari za vifaa. Hesabu inajibu. Kupandisha TB 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9, usiku na mchana, bila mtandao kukatika hata mara moja. Na mtandao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Siku kama hizo, ofisi iliyoweka kila kitu mtandaoni hukaa ikisubiri, wakati yenye mafaili yake ndani inaendelea kufungua mikataba na hesabu kama kawaida. Hifadhi ya mtandaoni ina kazi yake muhimu, nami nitaifikia. Ila isiwe ndiyo nguzo pekee.

Pima data kabla ya kupima diski

Swali la kwanza la muuzaji huwa ni "unataka TB ngapi?" Usilijibu mpaka umepiga hesabu nyumbani.

Chukua studio inayorekodi harusi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa tatu kila moja, hiyo ni GB 270. Ongeza picha 1,500 ghafi za MB 27 kila moja, karibu GB 40. Sherehe moja imekula GB 310, na sherehe nne kwa mwezi zimevuka TB 1.2. Studio hiyo ikinunua TB 4 itajaa kabla ya miezi minne kwisha, na ikinunua TB 8 imejiongezea miezi mitatu tu. Dawa yake ni utaratibu: video ghafi zikae miezi mitatu baada ya mteja kupokea kazi, kisha zifutwe; kazi iliyokamilika itunzwe. Mteja aelezwe hivyo kwenye mkataba. Bila utaratibu wa kufuta, hakuna diski itakayotosha.

Wakili au mhasibu yuko upande wa pili kabisa. Nyaraka zilizoskaniwa ni ndogo, na TB 1 inaweza kumtosha kwa miaka mingi. Anachohitaji ni nani aone folda ipi, na uwezo wa kurudisha faili lililofutwa Jumanne iliyopita.

Kamera za ulinzi nazo zihesabiwe mapema, kwa sababu zinarekodi muda wote. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu GB 22 kwa siku. Kamera nne kwa siku 30 ni TB 2.6. Ukizichanganya na mafaili ya ofisi bila kuzipa kikomo, kamera zitakula nafasi ya hesabu zako. Zitengee sehemu yake, au ziache zibaki na mashine yake ya kurekodia.

Ukishapata jumla ya ulichonacho leo, ongeza ukuaji wa miaka mitatu, kisha acha nafasi: NAS isijazwe zaidi ya asilimia 80. Kumbuka pia kwamba diski iliyoandikwa TB 4 huonekana kwenye Windows kama 3.6 hivi. Hujaibiwa, kiwanda na kompyuta vinahesabu kwa vipimo tofauti.

Nafasi za diski, na RAID

Visanduku vya NAS hutofautiana kwanza kwa idadi ya diski vinazopokea: moja, mbili, nne na kuendelea. Cha diski moja sikishauri, kwa sababu diski hiyo ikifa kazi imesimama. Cha mbili kinatosha nyumba nyingi na ofisi nyingi ndogo. Cha nne kinafaa studio na ofisi zinazokua haraka.

Diski hizo hupangwa kwa mfumo wa RAID, uliopewa jina hilo mwaka 1988 kwenye andiko la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mipangilio ni mingi, lakini minne ndiyo utakayokutana nayo:

RAID 0 huunganisha diski zionekane moja kubwa na ya haraka. Moja ikifa, zote zimekufa. Usiitumie kwa kitu chochote unachokijali.

RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili. Diski mbili za TB 4 hukupa TB 4. Moja ikifa, kazi inaendelea na nyingine.

RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi, na huvumilia kufa kwa moja. Diski tatu za TB 4 hukupa TB 8.

RAID 6 huhitaji diski nne au zaidi, na huvumilia kufa kwa mbili. Diski nne za TB 4 hukupa TB 8.

Kwa mwenye kisanduku cha nafasi mbili uamuzi ni mwepesi: RAID 1. Kwa mwenye nafasi nne na diski kubwa, napendelea RAID 6 kuliko 5, japo unapoteza nafasi. Sababu iko kwenye saa za ukarabati. Diski ikifa na ukaweka mpya, mashine inaanza kuijaza upya. Kwa diski ya TB 8, hata ikienda kwa kasi nzuri ya MB 150 kwa sekunde, ni karibu saa 15, na huwa zaidi kama watu wanaendelea kufanya kazi. Saa zote hizo diski zilizobaki, ambazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na hiyo iliyokufa, zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Kwenye RAID 5 huna kinga yoyote mpaka kazi iishe.

Sasa shika hili, maana ndipo wengi wanapoumia: RAID si nakala ya akiba. Kazi yake ni kukufanya usisimame diski inapokufa, basi. Mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, imefutwa kwenye diski zote kwa wakati ule ule. Virusi vikifunga mafaili, vimeyafunga kote. Mwizi akibeba kisanduku, au maji ya mvua yakiingia, RAID haina la kufanya.

Diski zenyewe: soma lebo

Kisanduku na diski mara nyingi huuzwa mbalimbali, na diski zinaweza kugharimu sawa na kisanduku au zaidi. Tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya NAS: WD Red Plus, Seagate IronWolf na Toshiba N300 ndizo zinazojulikana zaidi. Zimekusudiwa kuzunguka saa 24, na waranti yake huwa miaka 3. Za daraja la Pro hufika miaka 5.

Kuna diski zinazoandika data kwa njia inayoitwa SMR, ambapo mistari ya data hulaliana kama vigae vya paa: ukitaka kubadilisha mmoja inabidi uguse na ya jirani. Kwa kuhifadhi tu zinafaa, lakini ndani ya RAID hupunguza kasi vibaya, hasa wakati wa ukarabati. Unazotaka ni za CMR, ambazo mistari yake hailaliani. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila kuandikwa wazi, na baada ya hapo kampuni ikatenga jina la Red Plus kwa zile za CMR. Kwa hiyo dukani usisome rangi ya boksi, soma namba ya modeli. WD40EFAX ni SMR. WD40EFRX na WD40EFPX ni CMR. Seagate ST4000DM004, Barracuda ya kompyuta ya kawaida inayopatikana kila mahali, nayo ni SMR. Piga picha lebo, nenda pembeni, itafute kwenye tovuti ya kiwanda, ndipo ulipe.

Uwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utakutana pia na diski zilizokwisha kutumika. Nyingine huuzwa wazi kama mtumba, nyingine hufungwa upya zikaitwa mpya. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika huko Ulaya kwamba diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, huku hesabu ya saa ikiwa imefutwa. Kinga yako ina hatua mbili. Ingiza namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye lebo kwenye ukurasa wa waranti wa kiwanda, uone kama waranti bado ipo na inaisha lini. Kisha, kabla ya kuweka data yoyote, soma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ya diski, kwenye NAS yenyewe. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski inayoonyesha saa 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu. Na ikionyesha sekta zilizohamishwa kwa sababu ya kuharibika, hata chache tu, irudishe siku hiyo hiyo.

Umeme, joto na vumbi

NAS haitaki kuzimwa ghafla. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili yanaweza kuharibika, na ukirudi kwa mshindo unaweza kuondoka na mashine. UPS kwangu ni sehemu ya kifaa, wala haijadiliwi kama nyongeza.

Si lazima iwe kubwa. NAS ya diski mbili hutumia wati 20 hivi, na UPS ndogo ya VA 650 inaweza kuibeba pamoja na rauta kwa dakika za kutosha. La muhimu ni UPS iwe na mlango wa USB wa mawasiliano na iwe kwenye orodha ya zinazokubalika na NAS yako. Unachomeka waya wa USB kati ya viwili hivyo, unaingia kwenye mipangilio, unaiagiza NAS ijizime yenyewe umeme ukikosekana dakika tano. Siku ya kufunga, ijaribu: chomoa UPS ukutani, kaa uangalie mpaka NAS izime taa zake kwa utaratibu. Usipofanya jaribio hilo utajua usiku wa manane kwamba waya haukuwa umeshika.

Matumizi ya umeme yenyewe ni madogo. Wati 20 kwa saa 24 kwa mwezi mzima ni kama uniti 14 na nusu.

Mahali pa kuiweka pana maana kuliko watu wanavyodhani. Isiwe sakafuni ambako vumbi na maji ya deki hufika, wala ndani ya kabati lililofungwa, wala dirishani. Miji ya pwani ina joto, unyevunyevu na hewa ya chumvi, na mijusi hupenda vifaa vyenye joto. Iweke juu, mahali penye hewa, feni yake isizibwe, na joto la diski ulitazame: likizidi nyuzi 45 kila siku, badilisha mahali. Na iwe mahali ambapo mgeni wa mapokezi hawezi kuifikia na kuitia kwenye begi.

Waya kwanza, Wi-Fi baadaye

Wengi hulalamika kwamba NAS ni nzito kumbe ni mtandao wa ndani. Mlango wa gigabiti 1 hupitisha karibu MB 110 kwa sekunde, hivyo GB 40 za picha hupita kwa dakika sita hivi. Ukiiunganisha na rauta ya zamani yenye milango ya megabiti 100, kazi hiyo hiyo inakula karibu saa nzima. Rauta zinazotolewa na makampuni ya simu nyingi zina milango michache. Nunua swichi ndogo ya gigabiti, NAS na kompyuta zinazofanya kazi nzito zichomekwe humo.

Kagua na waya. Cat5e inatosha kwa gigabiti hadi mita 100, lakini lazima nyuzi zake zote nane ziwe zimeunganishwa. Fundi akikaza nne tu, mtandao utawaka na kazi itakwenda, ila kwa megabiti 100. Kwenye Windows tazama hali ya muunganisho: ukiona 100 Mbps mahali pa 1.0 Gbps, mwite fundi arudie vichwa vya waya. Milango ya gigabiti 2.5 ni mizuri kwa anayehariri video moja kwa moja kutoka NAS. Kwa nyaraka hutaona tofauti.

Tahadhari moja kwa wahasibu: kabla hujahamisha mafaili ya QuickBooks ya kwenye kompyuta au Tally kuyafanyia kazi moja kwa moja ndani ya NAS, muulize muuzaji wa programu kama anaruhusu mpangilio huo. Njia salama ni programu ibaki na data zake kwenye kompyuta au seva yake, kisha nakala yake iende NAS kila jioni.

Nakala ya pili, na ya tatu

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni inayoitwa 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja ikae nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo kanuni hiyo hutimia hivi.

Nakala ya kwanza ni yenyewe iliyo ndani ya NAS. Hapo washa snapshoti, yaani uwezo wa kukumbuka hali ya mafaili ilivyokuwa saa au siku fulani. Ndiyo itakayokurudishia faili lililofutwa au kuandikwa juu yake. Si kila modeli inao, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Mimi naona ni sababu tosha ya kupanda daraja moja la bei.

Nakala ya pili ni diski ya nje inayochomekwa kwenye USB ya NAS. Bora ziwe mbili za kupokezana: wiki hii moja iko ofisini ikinakiliwa, nyingine iko nyumbani kwa mwenye ofisi, Ijumaa zinabadilishana. Ikishamaliza kunakili ichomolewe, maana virusi haviwezi kufunga diski iliyo mezani haina waya.

Nakala ya tatu ni ya mtandaoni, kwa yale tu ambayo huwezi kuyatengeneza tena: hesabu, mikataba, rekodi za wagonjwa au wanafunzi, kazi zilizokamilika. Hapo ndipo hifadhi ya mtandaoni inapofanya kazi yake vizuri, kwa sababu unapandisha GB chache kila usiku badala ya TB nzima. Zisimbwe kabla ya kuondoka kwenye NAS, na ufunguo wake uandikwe kwenye karatasi na kufungiwa mahali pengine. Ufunguo ukibaki ndani ya NAS yenyewe, siku imeibwa hutafungua chochote.

Kisha jaribu. Kila mwisho wa mwezi chagua faili moja, tuseme ankara ya Machi mwaka jana, ulirudishe kutoka kwenye diski ya nje hadi kwenye laptopu, ulifungue, ulisome mpaka mwisho. Mwezi unaofuata chagua lingine, na safari hii lirudishe kutoka mtandaoni. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Mlango wa nje ufungwe

NAS zimekuwa windo la wadukuzi. Aprili 2021 virusi vya Qlocker vilifunga mafaili kwenye vifaa vya QNAP kote duniani na kudai malipo. Januari 2022 vikaja vya DeadBolt, vilivyodai bitcoin 0.03 kwa kila kifaa, na mwezi uliofuata vikapiga vifaa vya Asustor. Synology nao walipitia hayo mwaka 2014. Juni 2021 watu waliokuwa na WD My Book Live waliamka wakakuta data zote zimefutwa kupitia intaneti. Vifaa hivyo vilikuwa havijapata masasisho tangu 2015.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, usifungue mlango wa rauta ili NAS ionekane moja kwa moja kutoka intaneti, hata fundi akikuambia ndiyo njia nyepesi. Ukihitaji kuingia ukiwa safarini, tumia huduma ya kiwanda ya kuunganisha au VPN kama WireGuard au Tailscale. Kwa walio Tanzania, kumbuka kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwaagiza watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo lifuate hilo kabla. La pili, uliza modeli itapata masasisho hadi lini. Kifaa cha mtumba ambacho kiwanda kimekiacha ni hatari hata kama kinawaka vizuri.

Siku ya kwanza zima akaunti ya "admin" inayokuja na mashine, tengeneza yako yenye nywila ndefu, washa uthibitisho wa hatua mbili, na kila mfanyakazi apewe akaunti yake yenye folda zinazomhusu tu. Anayeondoka kazini akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Hili pia ni suala la sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zahanati au shule inayoacha rekodi za watu wazi kwa kila mtu inajiweka pabaya.

Chapa ipi?

Synology na QNAP, zote za Taiwan, ndizo zenye programu zilizokomaa. Synology ni nyepesi kwa asiye fundi. QNAP mara nyingi hukupa vifaa vyenye nguvu zaidi kwa bei ile ile. Asustor, TerraMaster na UGREEN nazo zipo. Mwenye ujuzi anaweza kutumia kompyuta ya zamani na programu ya bure kama TrueNAS au OpenMediaVault, mradi ofisi ina mtu wa kuihudumia hata yeye akisafiri.

Kabla ya kununua, tazama orodha ya diski zinazokubaliwa. Mwaka 2025 Synology ilibana baadhi ya modeli zake mpya zitumie diski zilizoidhinishwa nayo tu, kisha Oktoba mwaka huo ikalegeza. Uliza pia waranti inashughulikiwa wapi: kifaa cha bei nafuu ambacho lazima kirudishwe Dubai ili kitengenezwe kitakugharimu wiki za kazi.

Kwa ofisi ya watu watatu hadi kumi, au familia yenye picha nyingi, hukumu yangu ni hii: kisanduku cha nafasi mbili chenye snapshoti, diski mbili za NAS za CMR kwa RAID 1, swichi ya gigabiti, UPS yenye USB, na diski mbili za nje za kupokezana. Muuzaji akikushawishi uchukue cha nafasi nne kwa pesa ya UPS na diski za nje, kataa kwa heshima. Na ukishafunga kila kitu, usifute mafaili ya zamani kwenye laptopu na diski zako mpaka umerudisha angalau faili moja kutoka kwenye nakala ya pili na kulisoma kwa macho yako.